Ukuta Unavuja? Vidokezo kwa Makocha wa Kwenye Simu, Handeni na Korogwe

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kama kilomita 65 za lami, na katika vituo vya bodaboda vya njia hiyo hukosi kijana aliyeinamia simu akipanga kikosi. Wengi wako kwenye Top Eleven, mchezo wa Nordeus ya Belgrade uliotoka mwaka 2010, kwa sababu unauchezea kwenye simu ya kawaida na timu unaipa jina unalotaka mwenyewe, iwe la Manundu, la Mkata au la Segera. Wenye kompyuta mpakato wako kwenye Football Manager. Michezo ni tofauti, kilio ni kimoja: mbele tunafunga, nyuma hapakaliki. Unapiga matatu, unapigwa manne.

Dawa inayotajwa haraka kijiweni ni kununua beki. Mimi nasema subiri. Nimetazama mabao mengi ya namna hii, yangu na ya wenzangu, na sehemu kubwa hayakuzaliwa miguuni mwa beki. Yalizaliwa mbali na boksi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama. Kwa hiyo kabla hujavunja kibubu cha klabu, pitia haya.

1. Lifuate bao hadi lilipozaliwa

Bati likitoboka, maji hutambaa juu ya boriti na kudondokea mbali kabisa na tundu. Bao la kufungwa ni hivyo hivyo. Ukitazama sekunde tatu za mwisho utamlaumu mtu asiyehusika.

Kuna fundi simu mmoja wa Chanika, pale Handeni mjini, kocha mzuri tu wa Football Manager. Alikuwa ameshauza mabeki wawili wa kati na bado anafungwa. Tukakaa kwenye benchi la kibanda chake, vioo vilivyopasuka vimepangwa mezani, tukarudisha bao moja taratibu. Mwisho wa picha unamwona namba tano anachelewa, straika anapiga, wavu unatikisika. Tukarudi nyuma sekunde kumi na kitu. Namba tatu wake yuko karibu na kibendera cha kona cha wapinzani. Winga wake wa kushoto yuko hapo hapo, hatua mbili pembeni yake. Kiungo anapokonywa mpira, inapigwa pasi moja ndefu, na namba tano analazimika kuacha nafasi yake ya katikati akimbilie upande wa kushoto ambao hauna mtu. Hakufika. Namba tano angefika vipi? Alikuwa anazibia nafasi ya watu wawili waliopewa kazi moja.

Fanya hivi. Chukua daftari, andika mabao kumi ya mwisho uliyofungwa. Kwa kila bao: dakika, upande, mpira ulipotea wapi, nani aliupoteza, na wachezaji wako wangapi walikuwa nyuma ya mpira wakati huo. Football Manager inakupa marudio ya mabao yote, yatumie. Kwenye mchezo wa simu wenye picha chache, ripoti ya mechi itakupa walau dakika na mfungaji, na mengine utayaona ukiifuatilia mechi ikiendelea. Ukimaliza ukurasa huo, vidokezo vinavyofuata utajua vipi vinakuhusu na vipi uvipite.

2. Namba mbili akipanda, namba tatu abaki

Hapa ndipo timu nyingi za vijana wetu zinapofia. Kocha anapenda majaro, basi anawaruhusu mabeki wote wawili wa pembeni wapande muda wote. Mpira ukipotea, nyuma wamebaki namba nne na namba tano wakitazamana na mastraika wawili na winga mmoja.

Beki wa pembeni kupanda si kosa. Kumbuka CHAN ya Agosti 2025 hapa nyumbani. Dhidi ya Burkina Faso alifunga Mohamed Hussein 'Tshabalala'. Dhidi ya Mauritania, dakika ya 89, alifunga Shomari Kapombe. Mmoja ni beki wa kushoto, mwingine wa kulia, na wote wawili walikutwa golini kwa wapinzani. Pamoja na hayo, Taifa Stars ya Hemed Suleiman 'Morocco' iliruhusu bao moja tu katika mechi nne za kundi. Kupanda kunakwenda kwa zamu, na kila anayepanda pana mtu anayebaki badala yake.

Kwenye mchezo wako hesabu ni rahisi. Timu yako ikiwa na mpira kwenye nusu ya wapinzani, nyuma wabaki watatu, na mbele yao asimame namba sita. Kama namba tatu wako ndiye mwenye krosi nzuri, mwachie apande na umpe namba mbili jukumu la kukaba tu. Au mwachie yule winga wa upande wa namba tatu aingie ndani, ili wasibanane kwenye chaki. Football Manager 26 imerahisisha jambo hili: unapanga umbo la timu ikiwa na mpira na umbo lingine ikiwa haina. Lipange la kwanza huku ukihesabu vichwa vilivyobaki nyuma.

3. Namba sita awe namba sita

Ukipata kiungo mwenye pasi tamu, kishawishi ni kumweka chini ili aanzishe mashambulizi. Sawa, lakini nani atakata umeme? Kiungo mkabaji anapimwa kwa vitu visivyopendeza machoni: kujipanga, kusoma mchezo kabla haujatokea, umakini, kukaba, maamuzi. Kwenye Football Manager sifa hizi zinapimwa kwa alama 1 hadi 20; kwa timu ya kawaida, namba sita mwenye 13 za kujipanga na 9 za pasi nitamchukua mbele ya mwenye 9 za kujipanga na 15 za pasi.

Mtu wa kujifunza kwake ni Khalid Aucho, yule Mganda, alipokuwa Yanga. Mashabiki walikuwa wanaimba majina ya wafungaji, Fiston Mayele kisha Aziz Ki, nami nikawa namtazama Aucho anavyosimama mbele ya mabeki wa kati wakati wenzake wote wameshakwenda. Halafu mpira ukipotea, yupo. Mpe namba sita wako maelekezo hayo hayo: abaki, asikimbilie mpira pembeni, asipige mashuti ya mbali.

4. Mstari wa nyuma ufuate miguu uliyonayo

Makocha wengi wanakabia juu kwa sababu wameona timu kubwa za Ulaya zinafanya hivyo. Kukabia juu kunataka mabeki wenye mbio. Kama namba nne wako ana kasi ya 9 kati ya 20, mstari ukiwa karibu na duara la kati unampa straika wa wapinzani uwanja mzima wa kukimbilia. Ushushe.

Kuna kosa la pili, na hili linawapata hata wazoefu: washambuliaji wanakaba juu, mabeki wamebaki chini. Katikati panabaki pori. Kiungo mshambuliaji wa wapinzani anapokea mpira, anageuka, anainua kichwa, anachagua. Mistari miwili hiyo ipande pamoja au ishuke pamoja. Kwa timu ndogo yenye mabeki wazito, mimi napendekeza kukaba kuanzia katikati ya uwanja: unawaachia wapinzani wapasiane kwao, unawabana wakivuka mstari.

Mtego wa kuotea, ule unaowashwa kwa kitufe kimoja kwenye Top Eleven, uzime mpaka uwe na mabeki wanne waliocheza pamoja mechi nyingi. Mmoja akisinzia, mtego wote umekwisha.

5. Ukilazimika kununua beki, zisome sifa zake moja moja

Nyota na alama ya jumla zinadanganya. Beki wa kati anaweza kuwa na alama kubwa kwa sababu ana pasi na nguvu, kumbe umakini ni 8. Huyo atacheza vizuri dakika 80 na kulala dakika moja, na dakika hiyo moja ndiyo utakayoiandika kwenye daftari. Mimi natazama kwanza kujipanga, umakini na kusoma mchezo, kisha kuruka na kasi. Kunyang'anya mpira kwa kuteleza ni jambo jema, lakini beki aliyejipanga vizuri mara nyingi halazimiki hata kuteleza.

Na usitazame mbali tu. Sisi wa Mkoa wa Tanga tunalo somo letu wenyewe. Bakari Mwamnyeto aliondoka Coastal Union mwaka 2020 akaenda Yanga, na huko akavaa kitambaa cha unahodha. Alikuwa hapa hapa Mkwakwani, kila mtu anamwona. Msimu wa 2023/24 Coastal hiyo hiyo, chini ya Mkenya David Ouma, ikamaliza ligi nafasi ya nne, na kipa wake Ley Matampi akachukua tuzo ya kipa bora wa ligi akiwa katika klabu isiyokuwa na fedha za Simba wala Yanga. Kwa hiyo kabla hujamtuma skauti wako Brazil, mtume kwenye timu iliyo nafasi ya tano kwenye ligi yako, amtazame beki wa kati mwenye miaka 21 anayecheza kila wiki. Bei yake ni ndogo na ligi tayari anaijua.

Ukishampata, mwache acheze na mwenzake yule yule. Namba nne na namba tano wanaobadilishwa kila mechi hawazoeani, na michezo hii inahesabu mazoea.

6. Kona zina kazi yake

Januari 2024, San Pédro, AFCON. Stars inaongoza 1-0 dhidi ya Zambia tangu dakika ya 11, bao la Simon Msuva. Zambia wako kumi tangu kabla ya mapumziko. Ingekuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kushinda mechi ya AFCON. Dakika ya 88 inapigwa kona, mpigaji ni Clatous Chama ambaye mashabiki wa Simba wanaujua mguu wake vizuri, Patson Daka anaruka, kichwa, 1-1. Mechi nzima ya kazi ngumu, na bao limetoka kwenye mpira uliosimama.

Tenga nusu saa, mechi isiwepo, upange kona tu. Mwenye kuruka vizuri kuliko wote asimkabe mtu. Asimame katikati ya boksi dogo aushambulie mpira. Wa pili wake asimame nguzo ya karibu. Wanaokaba mtu kwa mtu wawe wale wenye nguvu na umakini, na uhakikishe mwanzoni mwa kila mechi na baada ya kila sabu straika mrefu wa wapinzani amepewa wako mrefu, kwa sababu ukifanya sabu mpangilio unaweza kumwachia winga mwenye futi tano na nusu. Mtu mmoja abaki ukingoni mwa boksi kwa ajili ya mpira uliookolewa. Mbele mwache mmoja mwenye mbio. Wapinzani watalazimika kubakiza wawili nyuma, nao ni vichwa viwili vimepungua kwenye boksi lako.

Kisha punguza kona na mipira ya adhabu yenyewe. Beki anayecheza rafu karibu na boksi na kutoa ovyo mipira nje anakutengenezea tatizo usilolihitaji. Shusha ukali wa kukaba kwa wachezaji wenye kadi ya njano.

7. Kipa

Kwa mstari wa juu, chukua kipa anayetoka golini haraka. Kwa mstari wa chini na krosi nyingi, chukua anayeamrisha boksi lake na kudaka mipira ya juu. Usimwambie kipa mwenye miguu mizito aanzishe kwa pasi fupi. Basi.

8. Tazama nguvu kabla ya saa kusoma 60

Tarehe 5 Novemba 2023 Simba na Yanga zilikwenda mapumziko 1-1. Ilipomalizika, ubao ulisoma Simba 1, Yanga 5. Manne ndani ya kipindi cha pili, na yote baada ya dakika ya 60. Siku chache baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Robertinho. Ukiwa shabiki wa Simba utanisamehe kwa kulirudia, lakini somo lake kwa kocha wa kwenye simu ni kubwa mno kuachwa: ukuta unaoshikilia kipindi cha kwanza unaweza kubomoka wote kwa mkupuo, na ukianza kubomoka, bao la pili linalileta la tatu.

Kwenye michezo hii uchovu unaonekana. Football Manager inauonyesha kwa rangi ya alama ya moyo, Top Eleven kwa asilimia. Beki aliyechoka anapoteza umakini kwanza, miguu baadaye. Fanya sabu ya beki wa pembeni na namba sita kati ya dakika ya 60 na 65, kabla hujafungwa. Wengi tunawahi kutoa straika kwa sababu hajafunga, tunamwacha namba mbili aliyepanda na kushuka saa nzima. Na wiki yenye mechi tatu, mabeki wa pembeni ndio wa kwanza kupumzishwa.

9. Dakika tano baada ya bao

Cairo, Juni 2019, Stars na Harambee Stars. Michael Olunga anaisawazishia Kenya dakika ya 39. Dakika ya 40 Mbwana Samatta anairudisha Tanzania mbele, Kenya bado wanashangilia. Tukafurahi, lakini mwisho wake Kenya walishinda 3-2. Mabao huvutana. Timu ikifunga inalegea, ikifungwa inachanganyikiwa.

Kwa hiyo uwe na maelekezo yako tayari: ukifunga, punguza kasi ya mchezo na shusha mwelekeo wa mashambulizi hatua moja kwa dakika tano. Ukifungwa, fanya hivyo hivyo. Najua mkono unawasha kwenda mashambulizi mazima papo hapo. Uzuie, tulia kwanza, upande baada ya hapo.

10. Umeme, bando, na mechi ya saa mbili usiku

Hili ni letu wa wilayani. Kwenye Top Eleven mechi ya ligi inachezwa saa yake hata kama simu imezima chaji au bando limekwisha ukiwa njiani Mkata. Asubuhi, ukiwa na mtandao, panga kikosi chenye nguvu kamili, weka mwelekeo wa katikati badala ya mashambulizi mazima, na hakikisha hakuna majeruhi aliyebaki kwenye kikosi. Mfumo wa kushambulia sana unamtaka kocha awepo kuurekebisha. Kama huna hakika ya kuwepo, cheza mfumo unaojitegemea. Wenye Football Manager kwenye kompyuta hawana shida ya bando, wao wanaangalia betri tu.

11. Badilisha kitu kimoja, kisha upime nafasi

Umepigwa 4-0, unafuta mfumo wote, unaweka mabeki watano, unabadilisha kipa, unazima kukabia juu. Mechi inayofuata unatoka sare. Sasa ni kipi kilichosaidia? Hujui, na wachezaji nao hawajauzoea mfumo mpya, kwa hiyo wiki ya tatu unavuja tena kwa sababu nyingine. Badilisha kitu kimoja, kipe mechi nne au tano.

Na katika mechi hizo usihesabu mabao peke yake. Wapinzani wanaweza kupiga shuti moja la mita 30 likaingia. Hapo ukuta haujakosea kitu. Hesabu mashuti waliyopiga ndani ya boksi lako, na nafasi za ana kwa ana na kipa. Kama kabla ya kumzuia namba tatu asipande walikuwa wanapata nafasi sita za wazi na sasa wanapata mbili, umepatia, hata kama zote mbili zimeingia. Usimguse. Nenda kwenye ukurasa unaofuata wa daftari, mwone nani amepoteza mpira mara nyingi katikati ya uwanja.